Kutunga na kughani mashairi na wanafunzi wa makabila mengi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya walimu wa Kiswahili, walezi wa klabu na maafisa utamaduni wa Dodoma, Singida na wilaya jirani. Yote yamejengwa juu ya msimamo mmoja: shairi la mwanafunzi huanzia sikioni, hupita kwenye karatasi, na hukamilika linapotoka kinywani mbele ya watu. Shule nyingi huanzia katikati, kwenye karatasi. Matatizo mengi yanayoulizwa hapa chini yanatokana na hilo.

Tuanze na darasa la ngapi, na kikundi kiwe cha watu wangapi?

Kutunga kwa mizani (hesabu ya silabi) na vina (silabi za mwisho zinazofanana) kunawezekana kuanzia darasa la 5. Darasa la 3 na la 4 waghani, wategue vitendawili na waitikie kibwagizo, lakini usiwalazimishe kuandika beti kamili. Sekondari, kidato cha 1 na cha 2 ndicho kipindi kinachozaa zaidi.

Kikundi cha kutunga kiwe na watu 20 hadi 25. Ukiwa na darasa la watoto 80, ligawe kwa meza za watu 5 au 6. Kila meza iwe na mwandishi mmoja na msomaji mmoja, na kazi hizo zibadilishwe kila wiki. Meza ya watu 10 haifai: wawili watatunga na wanane watatazama, na wanaotazama mara nyingi ni wale ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, yaani hasa wale uliotaka kuwafikia.

Inachukua muda gani, na msimu upi ni mzuri?

Wiki 8, kipindi pacha cha dakika 80 kila wiki. Wiki 2 za kusikiliza na kuhesabu mizani, 2 za kutunga, 1 ya kusahihisha, 2 za kughani, na ya mwisho ni onyesho. Wengi hukata wiki za kughani ili watunge zaidi, kisha wanashangaa shairi zuri likifa jukwaani.

Katikati ya Tanzania mvua kwa kawaida huanza Desemba na kukatika Aprili. Vijijini, Januari na Februari ni miezi ya kupalilia, na mahudhurio huyumba. Anza mwishoni mwa Machi ili onyesho liangukie mwisho wa Mei, au anza mara shule zinapofunguliwa Julai. Darasa la 7 waache kabisa ifikapo Agosti kwa sababu mtihani wao ni Septemba. Kidato cha 2 na cha 4 waachiwe Oktoba na Novemba.

Kipindi cha kwanza kiendeje? Watoto wakiambiwa "tungeni shairi" wanabaki kimya.

Usiwaambie watunge. Kipindi cha kwanza kalamu zikae chini, na mambo yafuatane hivi.

Dakika 15 za kwanza: wapige makofi nane kwa mwendo wa polepole, wote pamoja, hadi mapigo yasiteleze. Kisha weka maneno juu ya makofi, silabi moja kwa kofi moja: "Do-do-ma ni n-chi ka-vu." Rudia mpaka darasa zima lifike kofi la nane pamoja na silabi ya mwisho.

Dakika 25 zinazofuata: kila mtoto alete kitu kimoja kinachosemwa nyumbani kwao, kwa lugha yoyote. Kiwe kitendawili, methali, wito wa kuita mifugo, au maneno ya kumbembeleza mtoto mchanga. Aseme kwanza kwa lugha ya nyumbani, darasa lirudie sauti zake, kisha aeleze kwa Kiswahili. Mwalimu asisahihishe chochote hapa.

Dakika 40 zilizobaki: kila meza ichague kitu kimoja kati ya vilivyosemwa na kukigeuza mstari mmoja wa mizani 8 kwa kupiga makofi. Mstari mmoja tu. Darasa la meza 12 litatoka na mistari 12 ubaoni, na hapo watoto wameshaona kwamba wanaweza.

Kipindi kikiharibika, sababu kwa kawaida ni mada. Mwalimu huanza na "Ukimwi", "Mazingira" au "Elimu ni ufunguo wa maisha", na watoto wanarudisha misemo waliyoisikia kwenye hotuba. Mpe mtoto kitu anachokijua kwa mikono: kupura mtama, foleni ya bombani, vumbi la saa tisa mchana, zizi wakati wa jioni. Mazingira yatajitokeza yenyewe humo ndani.

Mizani ihesabiwe vipi? Hata walimu tunabishana.

Mzani mmoja ni silabi moja inayotamkwa. Ubishi mwingi unatokea mahali pachache.

M na n huhesabiwa peke yake pale inapobeba pigo lake. Mtama ni m-ta-ma, mizani 3. Nchi ni n-chi, mizani 2. Vivyo hivyo nje, nne, nta na mbwa, kila moja ina 2. Lakini mbuzi ni mbu-zi, ng'ombe ni ng'o-mbe, mvua ni mvu-a na nyumba ni nyu-mba: zote 2, kwa sababu sauti ya puani imeshikana na konsonanti inayofuata. Piga kofi, utasikia.

Irabu mbili zikifuatana ni mizani miwili: saa ni sa-a, jua ni ju-a, shairi ni sha-i-ri.

Maneno kama daktari au labda, ambamo konsonanti imefunga silabi, washairi wanahitilafiana. Wengine huhesabu dak-ta-ri kuwa 3, wengine huipa k pigo lake na kupata 4. Shule iamue kanuni moja, iiandike ukutani, na waamuzi wa shindano wapewe kanuni hiyohiyo. Tumeona mashindano mengi yakiishia kwenye malalamiko kwa sababu ya jambo hili dogo.

Kosa linalorudi zaidi ni la kuzidisha kwa neno moja dogo. "Nyumbani kwetu ni kuzuri" ni mizani 9. Ondoa "ni": "Nyumbani kwetu kuzuri", mizani 8, na maana imebaki. Wafundishe watafute kwanza neno la kuondoa kabla ya kubadilisha mstari mzima. Inkisari, yaani kufupisha neno kama "kufuata" likawa "kufata", inaruhusiwa katika ushairi wa Kiswahili, lakini kwa mwanafunzi weka mpaka: mara moja kwa ubeti. Akizoea, shairi lake litakuwa la maneno yaliyokatwa mikia.

Waanze na shairi la mizani 16 au utenzi?

Utenzi. Mstari una mizani 8, ubeti una mistari minne, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi katika beti zote. Mtoto anatafuta vina vichache na anapata pigo haraka:

*Dodoma ni nchi kavu,*
*Ila watu wana nguvu,*
*Hulima bila uvivu,*
*Hata mvua ikigoma.*

Ubeti wa pili utakuwa na vina vyake vitatu vipya, lakini mstari wake wa nne lazima uishie na -ma.

Wakimudu beti 4 za namna hiyo, wapeleke kwenye tarbia: mistari minne, kila mstari vipande viwili vya mizani 8, kina cha kati na kina cha mwisho.

*Mvua imekuja jana, shamba letu limelowa,*
*Mtama tutauona, ukiwahi kupaliwa,*
*Majirani waitana, majembe yanagawiwa,*
*Bahi mpunga wanona, mabonde yamejaliwa.*

Kina cha kati ni -na, cha mwisho ni -wa. Angalia jinsi kina cha mwisho kilivyopatikana: limelowa, kupaliwa, yanagawiwa, yamejaliwa. Vitatu vya mwisho ni vitenzi vya kutendwa, na hivyo ndivyo kimbilio rahisi kuliko yote, na shairi la beti 6 lililojengwa juu ya -wa peke yake linachosha masikio. Baada ya ubeti wa pili waambie wabadili kina, na wachague nomino angalau moja kati ya vina vinne.

Njia nzuri ya kutafuta vina ni ngazi: andika kina juu ya karatasi, meza iorodheshe maneno 15 yanayoishia hivyo, wafute yale yasiyohusu mada, wabaki na 6. Ndipo waanze mistari. Anayeandika mstari kwanza na kutafuta kina baadaye huishia kusema asichokusudia.

Je, mashairi huru yakubaliwe?

Ndiyo, baada ya wiki ya 4. Mjadala wa mapokeo na usasa ulikuwa mkali miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi akiwa kati ya walioufungua kwa mashairi yasiyo na vina, na leo namna zote mbili zinafundishwa sekondari. Tatizo la kuanza na shairi huru ni kwamba mwanafunzi huandika insha na kuikata vipande. Mwambie kila mstari uwe na picha moja inayoonekana au sauti moja inayosikika, na aeleze kwa nini mstari umekatwa pale. Akishindwa kueleza, arudishe maneno kwenye mstari wa juu.

Vijana wanaopenda bongo fleva na singeli wana sikio lililokwisha kunolewa. Kijana huyo achane mashairi yake kwa mapigo 8, utaona mizani imo. Mruhusu, ila matusi hapana.

Darasani tuna Wagogo, Warangi, Wasandawe, Wamaasai na watoto wa watumishi kutoka mikoa yote. Tufanyeje lugha hizi zisigongane?

Hili ndilo eneo lenye utajiri kuliko yote, na Dodoma inao kuliko sehemu nyingi. Kigogo na Kirangi ni lugha za Kibantu. Ukifika Kondoa na Chemba unakutana na Kiburunge na Kialagwa, ambazo ni za Kikushi, na Kisandawe chenye sauti za kidoko, yaani zinazotolewa kwa kudoko ulimi. Kimaasai na Kitaturu ni za Kiniloti. Singida wanaongeza Kinyaturu na Kinyiramba, na upande wa Mkalama wapo Wahadzabe. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, shule za jijini zimepokea pia watoto wa Kagera, Mara, Mtwara na Zanzibar.

Lugha ya shairi iwe Kiswahili, kwa sababu ndiyo inayowaunganisha. Lakini kila shairi lipewe ruhusa ya kubeba kitu kimoja cha nyumbani bila kutafsiriwa: kibwagizo, jina la mti, mwito, au salamu. "Mbukwa" ya Kigogo ni mizani 2 (mbu-kwa), inaingia kwenye mstari bila taabu, na hadhira ya Chamwino itaitikia kabla hujamaliza.

Kugeuza wimbo au methali ya nyumbani kuwa shairi la Kiswahili kunahitaji safu tatu kwenye karatasi ya manila. Safu ya kwanza: maneno ya lugha ya asili kama yanavyosemwa. Ya pili: neno kwa neno kwa Kiswahili, hata kama haieleweki vizuri. Ya tatu: mstari wa shairi. Safu ya pili ndiyo inayorukwa, na ikirukwa mtoto huandika methali ya Kiswahili inayofanana badala ya ile ya kwao. Picha ya asili, tuseme ya mbuyu au ya ndama, inapotea na inaingia ya pwani, ya jahazi na nazi, ambayo mtoto wa Kwa Mtoro hajawahi kuiona.

Sauti za kidoko zinahitaji uangalizi. Mtoto wa Kisandawe akitamka neno la kwao na darasa likacheka, hatalisema tena mwaka mzima. Weka sharti tangu mwanzo: neno la mwenzako unalirudia mara tatu kabla ya kusema lolote juu yake. Kulirudia ni kugumu, na ugumu huo huleta heshima haraka kuliko onyo la mwalimu.

Watoto wanaochanganya l na r waachwe wakati wa kutunga. Hilo ni suala la wiki ya kughani, na linarekebishwa kwa kuandika mstari wenye l na r zilizopishana na kuusema polepole kwa siku kadhaa. Ukimkatiza kwenye rasimu, ataanza kukwepa maneno mazuri kwa kuogopa herufi.

Jambo moja hatulilegezi. Utani wa makabila una heshima yake baina ya watu wazima wanaojuana, lakini shairi la shule linalomfanya Mgogo ombaomba, Mmaasai mshamba au Msandawe mtu wa porini lisipande jukwaani, hata kama ukumbi utacheka. Mtoto wa kabila hilo amekaa humohumo ukumbini.

Kuna nyimbo za jadi zisizofaa kuletwa shuleni?

Zipo. Nyimbo za jando na unyago, na za matambiko, zina wenyewe na zina mahali pake. Kabla ya kutumia wimbo wowote wa jadi, mtoto amuulize mzee wa nyumbani maswali matatu: unaimbwa lini, unaimbwa na nani, je, unaweza kusikika mbele ya watu wote? Jibu likiwa hapana au likisitasita, chagueni mwingine. Nyimbo za kulima, kupura, kutwanga, kubembeleza na kusifu ng'ombe kwa kawaida hazina kizuizi.

Ngonjera inatungwaje? Zetu zote zinafanana.

Ngonjera ni mali ya mkoa wa Dodoma kwa namna ya pekee. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma na kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, ndiye aliyeikuza na kuieneza ngonjera ya majibizano kama tunavyoijua mashuleni, wakati taifa lilipokuwa likielezwa Azimio la Arusha. Mwanafunzi wa Ihumwa au Mvumi anayetunga ngonjera anaendeleza kazi iliyoanzia kwao, na aambiwe hivyo.

Sasa kwa nini zinafanana? Kwa sababu hakuna anayebishana. Wanafunzi sita wanapanga mstari, kila mmoja anasema ubeti wa kumsifu mgeni rasmi au kulaani dawa za kulevya, kisha wote wanainama. Hilo ni shairi lililogawanywa. Ngonjera inahitaji pande mbili ambazo kila moja ina hoja ya kweli, na upande mmoja ubadilike mwishoni au wafikie mapatano.

Chagua mgogoro ambao hadhira inaujua. Kwa mfano:

*Mkulima: Ng'ombe wako waingia, mtama wanaukata.*
*Mfugaji: Mimi njia napitia, bwawani maji kufata.*

Mapendekezo ya kutunga: jumla ya beti 12. Beti 2 za kufungua mgogoro, 6 za majibizano, 2 za mtu wa tatu (mzee, bibi au mwenyekiti wa kijiji) na 2 za mapatano. Wagawe wanafunzi pande mbili, kila upande uandike hoja zake 5 kwa lugha ya kawaida bila kuona za wenzao, ndipo wabadilishane na kuanza kujibu kwa ushairi. Upande unaojibu utumie kina kilekile ulichopewa katika ubeti wa kwanza. Hapo ndipo hadhira inapoanza kushangilia. Na wapangie pande kinyume na nyumbani kwao: mtoto wa mfugaji awe mkulima. Utaona hoja zinavyopanda daraja.

Watoto wanapayuka wanapoghani. Tunarekebishaje?

Kupayuka kunatokana na mambo matatu: kukariri kwa pamoja tangu darasa la 1, hofu, na kusimama mbali na hadhira. Kunaponywa kwa mazoezi, na mazoezi yenyewe ni haya.

Kwanza pumzi. Mwanafunzi avute pumzi kwa kuhesabu 3, aseme kipande cha mizani 8, anyamaze kwa kofi moja, aseme kipande cha pili, avute tena mwisho wa mstari. Akizoea, mstari mzima wa mizani 16 unakaa kwenye pumzi moja. Ubeti wa tarbia una mizani 64, na ukighaniwa kwa utulivu huchukua kama sekunde 20 hadi 25. Shairi la beti 6 linalomalizika chini ya dakika moja na nusu limekimbizwa.

Pili macho. Agawe hadhira sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, na kila mstari aupeleke sehemu moja. Waliofundishwa kutazama "juu ya vichwa vya watu" wanaonekana kama wanasoma dari.

Tatu mikono. Ishara moja kwa ubeti inatosha. Zile za kuonyesha kifua kila likitajwa "mimi" na angani kila akitajwa "Mungu" ziondolewe zote, kisha arudishe ile moja anayoikosa kweli.

Nne, mstari mmoja usemwe kwa sauti ya chini. Mwanafunzi achague mstari wenye uzito kuliko yote na aushushe badala ya kuupandisha. Ukumbi wenye watu 300 hunyamaza.

Mwisho, kughani si kusoma wala kuimba. Kuna mvuto wa sauti katikati ya hayo mawili. Wasikilize wazee wanaojua. Marehemu Hukwe Zawose (1938–2003), Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliimba kwa Kigogo Ulaya mbele ya watu wasiojua neno hata moja, na walikaa kimya kumsikiliza. Rekodi zake zipo. Cheza dakika 3 darasani na uliza: sauti imepanda wapi, imekatika wapi, ala imemwachia nafasi wapi?

Tutumie ngoma, zeze au marimba?

Ala moja, na ianze kabla ya shairi. Marimba ya Kigogo, ile ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba, inakaa chini ya sauti ya mtoto bila kuimeza. Zeze pia. Ngoma za muheme, zinazopigwa na wanawake, zina nguvu kubwa: zitumike kati ya beti au kwenye kibwagizo, ubeti wenyewe usemwe zikiwa kimya. Mpigaji ahudhurie mazoezi si chini ya 3. Anayekuja siku ya onyesho tu atampeleka mtoto mbio.

Mahali na vifaa?

Chini ya mti ni pazuri mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua na upepo wa Dodoma huharibu, hasa Agosti hadi Oktoba. Hadhira iwe na jua mgongoni, mghani awe na ukuta nyuma yake ili sauti irudi mbele, na mstari wa kwanza wa watu usiwe zaidi ya mita 4. Bila spika, hadhira ya watu 150 katika nusu duara inasikia vizuri. Wakizidi hapo, tumia spika.

Spika zikae mbele ya mghani, zikitazama watu. Zikiwa nyuma yake, maikrofoni huokota sauti ya spika na kuanza kupiga mbinja. Upepo ukivuma kwenye maikrofoni, ifunge kwa sponji au soksi safi. Kinywa kikae kama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Mvua ikianza kupiga bati, simamisheni. Hakuna mtoto atakayeishinda.

Mwenye kigugumizi, asiyeona au kiziwi?

Wenye kigugumizi mara nyingi hughani vizuri kuliko wanavyozungumza, kwa sababu pigo linawabeba. Waanze kwa kibwagizo cha pamoja, kisha mstari mmoja peke yao. Asiyeona apewe shairi kwa masikio, ubeti mmoja kwa siku, au kwa nukta nundu. Chamwino ipo shule ya wasioona ya Buigiri ambako walimu wanaijua kazi hiyo. Kiziwi atunge kwa lugha ya alama yenyewe. Kumtafsiria shairi la mizani ni kumnyima ushairi: vina vyake viko kwenye maumbo ya mikono yanayojirudia.

Tunajuaje kama hajanakili?

Dai rasimu. Shairi halisi lina karatasi zake zenye mikwaruzo: ngazi ya vina, mistari iliyofutwa, mizani iliyohesabiwa pembeni. Asipokuwa nazo, mwambie abadilishe kina cha ubeti wa pili mbele yako kwa dakika 15. Mtunzi ataweza, hata kwa shida.

Shindano lihukumiwe kwa alama zipi?

Maudhui na picha 30, urari wa vina na mizani 20, lugha 20, uwasilishaji 30. Mashairi huru yashindanishwe kwenye kundi lake. Waamuzi 3, mmoja asiwe mwalimu wa shule hiyo, na angalau mmoja awe anaijua lugha ya kwanza ya eneo. Wasome maandishi siku moja kabla: hakuna awezaye kuhesabu mizani huku akitazama mikono ya mtoto.

Tunataka kubadilishana mashairi na shule ya nchi nyingine. Tuanzie wapi?

Anzeni na umbo fupi. Haiku ya Kijapani ina vipigo 5, 7 na 5, na kwa kuwa Kiswahili nacho huhesabu silabi, inakaa vizuri:

*Vumbi la Bahi,*
*ng'ombe wanarejea,*
*jua lazama.*

Mkitafsiri kwenda Kiingereza, msihangaike kubeba vina na mizani 16. Ushairi wa jadi wa Kiingereza husimama juu ya mkazo wa maneno, kwa hiyo mizani yetu haina pa kushika. Beba picha, mpangilio wa mistari na kibwagizo. Vina viache visikike kwenye rekodi ya sauti ya Kiswahili, inayotumwa pamoja na maandishi. Rekodi kwa simu ndani ya chumba chenye mapazia au mikeka, mita nusu kutoka kinywani, simu ikiwa haitoi mlio wa ujumbe.

Kila neno la nyumbani liwe na maelezo ya mstari mmoja. Mtoto wa ng'ambo hajui mlenda ni nini, na mtoto wa Mpwapwa hajui theluji inavyolia chini ya kiatu. Wape wote kazi ya kuulizana maswali 3 juu ya shairi la mwenzake kabla ya kulisifu.

Mzazi asaini ruhusa kabla picha, sauti au shairi la mtoto halijatoka nje ya shule. Jina la kwanza na darasa vinatosha. Video isionyeshe kibao cha shule wala njia ya nyumbani.

Mashairi yahifadhiwe vipi?

Daftari moja gumu la kurasa 200 kwa klabu, shairi moja ukurasa mmoja, likiwa na jina la mtunzi, tarehe, lugha ya nyumbani iliyotumika, na jina la mzee aliyetoa methali au wimbo ikiwa amekubali. Shairi ni mali ya mtoto aliyelitunga. Shule ikitaka kulichapisha, imwombe yeye na mzazi wake. Nakala ya pili ibaki kwa afisa utamaduni wa halmashauri, maana ofisi za walimu huvuja masika, na mchwa wa Dodoma hawachagui karatasi.